Burat na Njia ya Maji Iendayo Lorian

Asimamaye Burat, magharibi ya mji wa Isiolo, akaelekeza uso kusini siku ya mbingu safi, huuona Mlima Kenya na barafu yake iliyosalia kileleni. Na karibu naye, kati ya migunga na makonde ya vitunguu na nyanya, hupita Mto Isiolo, ambao chimbuko lake ni miteremko ya mlima huo huo. Mto huu si mkubwa, wala safari yake haikomi Burat. Hushuka nyikani ukajiunga na Ewaso Nyiro, uletao maji ya Laikipia na ya milima ya Nyandarua, na maji hayo yakisha kuchanganyika husafiri upande wa mashariki, yakapita Merti, hata yakafika kinamasi cha Lorian, ambako hupotea ardhini bila kuiona bahari, isipokuwa katika mafuriko makubwa mno, ambapo hupenya kwa Lagh Dera kuelekea nchi ya Somalia.

Mwisho wa njia hiyo ya maji uliwashughulisha sana wageni wa karne ya 19. Mwaka 1892 Mmarekani William Astor Chanler, akifuatana na Ludwig von Höhnel, luteni wa jeshi la majini la Austria na Hungaria, ambaye miaka minne nyuma alikuwa amefika Ziwa Turkana pamoja na Count Teleki, aliondoka pwani na msafara wa wapagazi walioandikwa Unguja, akapanda kwa Mto Tana, akaikata nyika, na kuufuata Ewaso Nyiro kuelekea matlai. Walitaraji kuona ziwa kubwa. Walilolikuta ni matete na matope. Mwaka uliofuata von Höhnel alijeruhiwa na kifaru, ikalazimu achukuliwe mpaka pwani, na baadaye wapagazi walimwacha Chanler, safari ikavunjika. Maporomoko waliyoyapita katika mto ule yangali yakiitwa kwa jina la Chanler mpaka leo; lakini wale waliobeba mizigo ya safari nzima, watu wa lugha hii yetu, ramani haikuwapa hata kijito kimoja, na dhuluma hiyo ya kumbukumbu inastahili kutajwa kila jina lile litajwapo.

Tamaa ya namna hiyo, ya kutaka kuujua mwisho wa njia, imewahi kuwapeleka watu mbali zaidi. Mwaka 1845 Mwingereza John Franklin aliingia na merikebu mbili, Erebus na Terror, katika bahari ya barafu iliyo kaskazini ya Kanada, akitafuta Mlango wa Kaskazini-Magharibi, na watu 129 wakaangamia asirudi hata mmoja. Roald Amundsen, Mnorwe, ndiye aliyeikamilisha njia hiyo kwa chombo kati ya 1903 na 1906. Na mwaka 1984 merikebu Lindblad Explorer iliwapitisha watalii, ikawafungulia mlango wale ambao leo hulipa mali nyingi wakaone milima ya barafu, dubu weupe na makaburi ya mabaharia. Mabaki ya Erebus yalipatikana 2014, katika upande ule ule ambao simulizi za Wainuiti, wenyeji wa barafu, zilikuwa zimeuonyesha tangu zama za wazee wao. Hali kadhalika Lorian haikuwa siri kwa wafugaji waliokuwa wakinywesha huko: ilikuwa siri kwa wenye kuchora ramani tu.

Utawala wa Waingereza ulipokuja, nao uliufuata mto. Geoffrey Archer aliweka kituo ukingoni mwa Ewaso Nyiro mwaka 1909, nacho kingali kikiitwa Archer's Post. Isiolo ikawa makao makuu ya nchi ya mpakani kaskazini, ambayo tangu 1926 haikuingiwa wala kutokwa ila kwa kibali. Ng'ombe walioshuka kutoka kaskazini walizuiliwa kwa karantini kabla ya kuruhusiwa kwenda masoko ya kusini, na herufi za idara ya serikali iliyorithi kazi hiyo, LMD, zimekuwa jina la kitongoji cha Burat.

Ukame ulipowanyang'anya wengi mifugo yao, jembe likaingia. Waturkana, Waborana, Wasamburu, Wameru na Wasomali huchota katika mto mmoja kwa mifereji, na jambo zito kuliko yote ni zamu ya maji, kwa kuwa mfereji uliofunguliwa juu wakati wa kiangazi ni kiu kwa aliye chini. Waborana wana mabaraza yao ya dedha, yanayoamua malisho yapi yatumike masika na yapi yahifadhiwe kwa kiangazi, nami nayahesabu kuwa elimu kubwa kuliko ya msafara wowote uliowahi kupita hapa. Lakini mabaraza hayo hayana amri juu ya mashamba makubwa ya Laikipia na ya miteremko ya Mlima Kenya, na yapo majira ambapo Ewaso Nyiro hukauka kabla ya kufika Lorian.

Kwa sababu hiyo, tangu 2013, wafugaji wa Isiolo, Samburu na Laikipia wamekuwa wakitembea na ngamia kando ya mto, kambi hadi kambi, wakikutana na wa juu na wa chini, na kulipinga bwawa lililokusudiwa kujengwa penye korongo la Crocodile Jaw. Wanataka waulizwe kwanza, wao pamoja na watu wa Merti na Lorian, ni maji kiasi gani yatakayoachwa yapite.