Mwanga wa Akili na Uhuru wa Seminari

Katika miaka ya filosofia twajifunza habari za Voltaire, Rousseau na Kant, wenye hekima wa karne ya 18. Wengi wetu twasema upesi: hao ni adui za Eklezya, basi. Lakini historia yatuomba kutenganisha mambo.

Tumtazame Joseph II, mfalme wa Austria, aliyetawala pia Ubelgiji. Yeye alipenda mafundisho ya akili ya siku zile. Mwaka 1781 aliwapa Waprotestanti ruhusa ya kusali kwa namna yao. Ni jambo la haki. Lakini mwaka 1786 mfalme yuleyule alifunga seminari za maaskofu, akaamuru waseminari wote waende Leuven, katika seminari moja ya Serikali. Waseminari walikataa kwa ghasia, na mwaka 1789 nchi ikamwasi.

Wakatoliki wa Ubelgiji walipata funzo. Mwaka 1831 walikubali, pamoja na waliberali, Katiba yenye uhuru wa dini na wa kufundisha. Papa Gregori XVI, mwaka uliofuata, aliulaumu vikali uhuru wa dhamiri. Lakini tarehe 7 Desemba 1965 Mtaguso wa Vatikano II ulifundisha kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini.

Ugomvi huo ulifika kwetu pia. Zamani karibu shule zote za Wakongomani zilikuwa mikononi mwa wamisionari. Kuanzia mwaka 1954 waziri mliberali, Auguste Buisseret, alieneza shule za Serikali. Wamisionari wengi walinung'unika. Lakini je, mzazi asiye Mkatoliki hakuwa na haki ya kuchagua?

Kisha zamu ikageuka. Mwaka 1972 Mobutu alitaka vijana wa chama chake, JMPR, waingie katika seminari, maaskofu walipinga. Mwaka 1974 alitwaa shule. Mwaka 1977 Mapatano yakarudisha uongozi wake kwa Makanisa. Siku zile sisi wenyewe tulidai uhuru wa dhamiri.

Basi, teolojia haina sababu ya kuogopa akili. Iogope akili iliyoshika fimbo ya Serikali, na imani iliyoshika fimbo hiyohiyo. Leo hapa Bukavu watoto wa Waprotestanti na wa Waislamu hukaa katika madarasa yetu. Tukiwalazimisha kusali kama sisi, tunafuata njia ya Joseph II, hata kama tumevaa kanzu ya padri.