Jinsi ya kukadiria muda wa barafu kuyeyuka

Kwa mchuuzi wa samaki wabichi wa Kibera au Kawangware asiye na friji, barafu ndiyo mpaka baina ya faida na hasara. Mbuta na ngege kutoka Ziwa Victoria hufikishwa katika masoko ya jumla ya Nairobi, likiwemo Gikomba, kisha wachuuzi huwapeleka mitaani. Je, barafu itadumu saa ngapi?

Barafu hupitia hatua mbili. Kwanza hupata joto hadi nyuzi sufuri za Selsiasi, kisha huyeyuka ikiwa ingali katika kiwango hicho. Kilo moja yenye nyuzi 10 chini ya sufuri huhitaji takriban kilojuli 21 za nishati kufikia sufuri, ilhali kuyeyuka huhitaji kilojuli 334. Nishati hiyo ingetosha kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi sufuri hadi 80. Kwa hivyo, muda mwingi huwa ni wa kuyeyuka.

Chukua mfano wa sanduku la povu jeupe la plastiki, lenye kuta za unene wa sentimita 3 na eneo la mita moja ya mraba kwa jumla. Nje kukiwa na nyuzi 24, joto linalopenya ndani ni kilojuli 100 hivi kwa saa. Kilo 10 za barafu zitadumu takriban saa 33. Hata hivyo, kupoza kilo 10 za samaki kutoka nyuzi 20 hadi sufuri hula zaidi ya kilo 2 za barafu, na muda hupungua hadi saa 26. Jua na kufungua kifuniko mara kwa mara huupunguza zaidi.

Asiye na vipimo hivyo anaweza kupima maji. Samaki wakishapoa, maji yote yamwagwe, kisha yatakayotoka baada ya saa 3 yapimwe. Lita moja ni sawa na kilo moja ya barafu iliyoyeyuka. Iwapo zimesalia kilo 5, zitadumu saa 15 hivi katika hali iyo hiyo.

Barafu iliyopondwa huyeyuka haraka kuliko bonge, lakini hupoza samaki upesi kwa kuwa huwagusa pande zote. Aidha, yapaswa kutengenezwa kwa maji safi. Barafu huchelewesha kuoza tu. Haimrudishi samaki aliyekwisha kuharibika. Mchuuzi anayejua saa zilizobaki huweza kuamua mapema iwapo ataongeza barafu au atawakaanga samaki wake kabla ya jioni.