Mgongo Mrefu: Asili ya Kiti cha Oxford

Lugha yetu haikukosea ilipomwita mkuu wa baraza "mwenyekiti". Wengi hukaa, lakini mwenye kiti ni mmoja. Neno hilo ni mizani nzuri ya kupimia habari za kiti alichokibuni Mdenishi Arne Jacobsen, kiti ambacho leo huwekwa nyuma ya meza za wakurugenzi, ilhali asili yake si ofisi hata kidogo.

Jacobsen alizaliwa Copenhagen mwaka 1902, akasomea usanifu wa majengo. Nasaba yake ilikuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1943, Wajerumani walioikalia Denmark walipoanza kuwakamata Mayahudi, alivuka mlango wa bahari kwa mashua ya makasia hadi Sweden. Huko, kwa kuwa kazi za usanifu zilikuwa chache, alichora nakshi za vitambaa pamoja na mkewe, Jonna. Vita vilipokwisha alirejea kwao.

Mwaka 1952 alibuni kiti cha miguu mitatu kilichopewa jina la sisimizi, kwa ajili ya chumba cha kulia cha wafanyakazi wa kampuni ya dawa ya Novo. Mwaka 1955 kikafuata kile cha "Saba". Viti vyote viwili vilitokana na tabaka nyembamba za mbao zilizogandishwa kwa gundi na kubanwa katika kalibu yenye joto, hata kikalio na mgongo vikawa kitu kimoja. Samaki hukunjwa angali mbichi. Mbao nazo hukunjwa zingali nyembamba.

Wakati huo huko Oxford, mwanahistoria Alan Bullock alikuwa akiasisi chuo kipya, St Catherine's, naye akitafuta msanifu. Kazi za Jacobsen zilimvutia, akampa dhamana hiyo, ingawa wapo walionung'unika kwa nini amepewa mgeni. Mgeni huyo hakuishia kwenye kuta. Alibuni bustani, taa, uma na vijiko, na viti pia. Chuo kilipokea wanafunzi mwaka 1962, na majengo yakafunguliwa rasmi mwaka 1964.

Katika ukumbi wa kulia, desturi ya Oxford ni kuwa walimu wana meza yao, iitwayo meza ya juu. Kwa meza hiyo Jacobsen alitengeneza kiti cha mbao za mwaloni zilizopindwa, chenye mgongo mwembamba unaopanda kupita kichwa cha aliyekikalia. Hakikuwa na nakshi, wala dhahabu, wala pembe. Heshima yake yote ilikuwa katika kimo. Vilipopangwa safu, viti hivyo vilifanya kama ua ndani ya ukumbi mkubwa, chumba kisicho na kuta. Wanafunzi hawakupewa viti vya namna hiyo.

Hapa ndipo penye swali. Samani za Denmark za zama hizo husifiwa kwa usahili wake, na wengi huona katika usahili huo dalili ya usawa. Lakini mkono uleule uliomkalisha mfanyakazi juu ya sisimizi ndio uliomchongea mwalimu kiti cha enzi, tena kwa ufundi uleule. Kumbe usahili si lazima uwe usawa. Ukiondoa nakshi zote, cheo chaweza kubaki kimesimama wima, nacho kikaonekana zaidi kwa kuwa hakina cha kukifunika.

Katikati ya miaka ya 1960, kiwanda cha Fritz Hansen kilianza kukitengeneza kiti hicho kwa ajili ya soko, kikakivika ngozi na kukipa mguu unaozunguka, na baadaye magurudumu. Kikawa na mgongo mfupi na mgongo mrefu. Hivyo desturi ya meza ya walimu ikahamia maofisini, na urefu wa mgongo ukaendelea kusema yale uliyosema ukumbini.

Jacobsen alifariki mwaka 1971. Kiti chake bado chapendeza, na uzuri wake haukanushiki. Lakini tukitazamapo, tusiusifu mwaloni tu. Tuulize pia ni nani aliyekusudiwa kukikalia, na ni nani aliyeachwa amtazame.