Barua Yafika Kintinku, Lalamiko Hutokaje?

Juu kabisa ya tovuti nyingi za halmashauri zetu kuna mstari mwembamba wa maneno madogo, na mawili kati yake hukaa karibu: Malalamiko na Barua Pepe. La kwanza ni la mwananchi: maji hayatoki, dawa hakuna, mtendaji hayupo ofisini. La pili ni la mtumishi; akilibonyeza anafika kwenye ukurasa unaomtaka jina na nywila, kisha sanduku lake la kazi linafunguka ndani ya kivinjari. Ujirani wa maneno hayo ni wa macho tu. Ukurasa wa barua ukigoma, mtumishi hapeleki shida yake kwa lile neno la jirani. Anasema mtandao unasumbua, anahamia WhatsApp, kazi inaendelea. Kasoro inabaki ilipokuwa, na aliyeiandika programu hiyo, popote alipo duniani, hana habari nayo.

Kintinku ni mahali pazuri pa kulitazamia jambo hili. Ni kata ya Wilaya ya Manyoni, mkoani Singida, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, upande ule ambao treni kutoka Dodoma bado inakwenda kwenye tambarare kabla ya kuanza kupanda kuelekea Saranda. Wajerumani walianza kuijenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na wakafika Kigoma 1914, na tangu hapo barua ya huku ilisafiri kwa behewa. Posta ile ilikuwa ya polepole, lakini ilikuwa na sifa moja ambayo hatuikumbuki sana: barua ikipotea, ulijua meza ya kuiendea. Kulikuwa na karani, na risiti ya rejista, na mtu wa kumkunjia uso. Posta ya kwenye kivinjari imefuta siku za safari, ikafuta na ile meza. Hoja yangu ni kwamba historia ya programu huria za barua pepe, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuurekebisha, imeandikwa na walalamikaji kuliko wavumbuzi. Kila kipengele kipya tunachokifurahia kilianza kama kero ya mtu fulani aliyejua pa kuipeleka. Sisi tumekuwa wapokeaji hodari na walalamikaji wabaya, na programu tulizonazo zinaonyesha hivyo.

Barua pepe yenyewe ilitufikia kabla ya kivinjari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtandao wa HealthNet wa shirika la SatelLife la Marekani uliwafikia madaktari wa Tanzania, na vyuo vikuu vya kanda hii vilibadilishana ujumbe kwa modemu na simu za mezani: barua zinakusanywa, simu inapigwa, mzigo unapakuliwa, simu inakatwa. Ujumbe ulitua kwenye kompyuta moja, na asiyekuwa na kompyuta hiyo hakuwa na barua. Hotmail ilipoanza mwaka 1996 na Yahoo ikafuata 1997, sanduku likahamia kwenye ukurasa wa wavuti, na mtu asiyemiliki mashine akaweza kulifungua kwenye kafe ya intaneti kwa malipo ya nusu saa. Kwa nchi yenye kompyuta chache na watu wengi, huo ulikuwa ukombozi mkubwa kuliko ulivyokuwa kwa Mmarekani mwenye kompyuta mezani kwake. Upande wa programu huria, IMP ya mradi wa Horde ilitoka 1998, SquirrelMail ikaja 1999, na mwaka 2005 Mswisi Thomas Brüderli akaanzisha Roundcube. Hizi ndizo zilizokuja kuwekwa kwenye seva za kukodi ambazo shule, asasi, parokia na kampuni ndogo hununulia nafasi zao. Aliyewahi kufungua barua za ofisi ndogo kupitia cPanel, programu ya kusimamia seva hizo, atakumbuka ukurasa ule uliomtaka achague mojawapo ya tatu.

Uchaguzi huo haukuwa wa mapambo. SquirrelMail ilitoa kurasa za HTML tupu, bila kudai JavaScript. Ilikuwa na sura ya kizamani, lakini ilifunguka kwenye laini dhaifu na kwenye kivinjari chochote. Roundcube ilikuja na kila kitu cha kupendeza: unaburuta barua kwa kipanya, orodha inajisasisha bila ukurasa kupakiwa upya. Yote hayo yana uzito, na uzito huo unalipiwa kwa bando. Toleo imara la mwisho la SquirrelMail lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2019 cPanel ikaiondoa kabisa. Iliyokufa ndiyo iliyokuwa nyepesi. Sidai kwamba mtu alikusudia hasara hiyo itupate. Ilikuwa programu iliyochoka, isiyo na watunzaji wa kutosha. Lakini watunzaji hujitokeza pale wanapoona programu inahitajika, na watumiaji wa laini dhaifu, ambao ndio walioihitaji zaidi, hawakuwa wakisikika.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye simu. Roundcube ilianza 2005, lakini sura yake rasmi inayojikunja kulingana na kioo cha simu, iitwayo Elastic, ilitoka na toleo la 1.4 mwezi Novemba 2019. Miaka 14! Katika kipindi hichohicho Watanzania wengi waliingia kwenye intaneti wakiwa na simu mkononi na bila kompyuta nyumbani. Mwalimu au mhudumu wa afya wa Kintinku aliyefungua barua ya kazi kwenye simu yake alikuwa akipanua ukurasa kwa vidole viwili, anasogeza kulia, anasogeza kushoto, akitafuta kitufe cha kutuma kilichochorwa kwa ajili ya kioo cha inchi kumi na tano. Wakati huo wizara moja ya Ufaransa, iliyokuwa ikiitumia Roundcube, haikungoja: mafundi wake waliandika sura ya simu kwa mahitaji ya watumishi wao, kisha wakaiweka wazi ili yeyote aichukue. Kero yao ilikuwa ileile ya mwalimu wa Kintinku. Tofauti ni kwamba kwao kero hiyo ilikuwa na njia ya kutoka kwa mtumishi hadi kwa fundi.

Njia hiyo ina kanuni zake, na ndizo zinazotushinda. Lalamiko la “barua haifunguki” halimsaidii fundi hata kidogo, kwa sababu sababu zinazoweza kuzuia barua kufunguka ni mia. Fundi anataka toleo la programu, aina ya kivinjari na kifaa, hatua zilizotangulia, kilichotarajiwa na kilichotokea. Chukua mfano wa kubuni, lakini wa kawaida: mtendaji anaandika muhtasari wa kikao kwenye simu, ananakili majina ya wajumbe kutoka daftarini, anasimama kumhudumia mtu, anarudi baada ya robo saa, anabonyeza tuma, na programu inamwambia aingie upya. Akiingia, muhtasari haupo. Atasema mfumo ni mbovu. Kumbe kuna maneno matatu tu ya kuandika: muda wa kikao. Roundcube, isipobadilishwa, humhesabia kimya mtumiaji na kumtoa baada ya dakika kumi, na rasimu nayo huhifadhiwa kwa vipindi. Mwenye seva anaweza kuurefusha muda huo kwa kubadili mstari mmoja. Baadaye watengenezaji waliongeza uwezo wa kutunza rasimu ndani ya kivinjari chenyewe ili irudishwe pindi muunganisho ukikatika. Nusu ya kero ya mtendaji ingemalizwa na afisa TEHAMA kabla ya chakula cha mchana, na nusu nyingine ilikwisha kupata dawa kwenye toleo jipya.

Atakayesema kwamba watu wa huku hawana uwezo wa kuathiri programu za kimataifa, nitamjibu kwa mfano wa jirani. DHIS2 ni programu huria ya takwimu za afya inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeshiriki kwa miaka mingi kuijenga na kuifundisha, na namba zinazoandikwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma, katika vituo vyetu vya afya huishia humo. Kenya ilipoisambaza nchi nzima mwaka 2011, seva moja ikihudumia wilaya zote, tatizo lilijitokeza mara moja: mtandao unakatika katikati ya fomu na kazi ya asubuhi nzima inapotea. Wahusika walilipeleka tatizo hilo kwa waandishi wa msimbo, ambao baadhi yao walikuwa karibu na watumiaji, na jibu likawa kipengele kipya: karani anaendelea kujaza hata bila mtandao, kivinjari kinatunza namba, na mawasiliano yakirudi anazipeleka kwenye seva. Leo kipengele hicho kinatumiwa katika nchi nyingi zinazotumia DHIS2. Jambo dogo linalonivutia zaidi ni kwamba programu hiyo ina sanduku la ujumbe ndani yake, na mtumiaji anaweza kuandika maoni ya kasoro hapohapo yakaenda kwa kundi lililoteuliwa kuyapokea. Meza ya karani wa posta imerudishwa, safari hii ndani ya mashine.

Kuna pingamizi zito zaidi: kutangaza kasoro hadharani ni kumwonyesha mwizi dirisha bovu. Hofu hiyo ina msingi. Oktoba 2023 kampuni ya usalama ya ESET iligundua kwamba wadukuzi wanaoitwa Winter Vivern walikuwa wakiitumia kasoro ya Roundcube kusoma barua za taasisi za serikali Ulaya. Ilitosha mtu aifungue barua yao. Lakini angalia tarehe: ESET iliwaarifu watengenezaji tarehe 12, kiraka kikaandikwa tarehe 14, na matoleo yaliyorekebishwa yakatoka tarehe 16. Taarifa ya namna hiyo hupelekwa faragha, na hutangazwa kiraka kikiwa tayari. Hatari kubwa huja baada ya hapo, kwa mwenye seva asiyesasisha. Juni 2025 ilitangazwa kasoro nyingine ya Roundcube iliyokuwa imelala humo kwa zaidi ya miaka kumi; aliyeweka toleo la 1.6.11 au 1.5.10 alikuwa salama nayo, na aliyeacha seva yake kama ilivyokuwa siku ya kuzinduliwa alibaki na mlango wazi ambao sasa kila mtu anaujua. Kunyamaza hakukuifanya kasoro hiyo isiwepo kwa miaka yote ile.

Pingamizi jingine ni la uwajibikaji: kitu cha bure hakina mwenyewe. Hapa nakubali sehemu. Mwaka 2015 wenye Roundcube waliomba michango ya kujenga toleo jipya kabisa waliloliita Roundcube Next, zikakusanywa zaidi ya dola 100,000, na toleo hilo halikuja. Kazi ya kila siku ya programu inayotumiwa na mamilioni imebebwa na watu wachache mno. Hata hivyo programu yenyewe haikufa. Msimbo ulikuwa wazi, na Novemba 2023 Nextcloud, watengenezaji wengine wa programu huria, wakatangaza kuupokea mradi huo. Bidhaa ya kampuni haina kinga hiyo. Google ilipoamua kuuondoa mwonekano wa HTML wa kawaida wa Gmail mwanzoni mwa 2024, ule mwepesi uliowafaa wenye simu duni na mtandao mdogo, hakukuwa na msimbo wa kuchukua wala mlango wa kubisha. Kwa hiyo ushauri wa “tumieni Gmail tu” unamwondolea mtumiaji hata ile nafasi ndogo ya kulalamika. Isitoshe, barua za ofisi ya umma ni kumbukumbu za umma, na ndiyo maana Serikali, kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, ina mfumo wake wa barua pepe.

Inabaki lugha. Karibu ripoti zote za kasoro za programu hizi huandikwa kwa Kiingereza, na hapo mtendaji wa kata hujiona si mhusika. Lakini kazi ya maneno ilikwisha kuanzwa: Desemba 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Wasweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Udhaifu wake haukuwa msamiati. Tafsiri inahitaji kufuata kila toleo jipya, na anayeifuata anahitaji watumiaji wanaomwambia neno gani halieleweki; wasipomwambia, anaacha. Lalamiko la Kiswahili linaweza kutafsiriwa na afisa mmoja wa wilaya kwa dakika tano. Lisiloandikwa halina wa kulitafsiri.

Basi wenye kusimamia mifumo hii, wekeni chini ya ukurasa wa kuingilia sanduku la tatu, la Kiswahili, linalopokea kasoro za mfumo wenyewe, na mtaje nani analisoma. Na wewe msomaji, safari ijayo mfumo ukigoma, usiseme tu kwamba umegoma. Piga picha ya kioo, andika saa, aina ya simu, kivinjari, na kitufe cha mwisho ulichobonyeza. Kisha umpelekee afisa TEHAMA, umwombe akikuta kasoro si ya seva yake aipeleke kwa walioiandika programu.