Kambi ya Usiku Iliyogeuka Mji

Masasi haikuwa mwisho wa safari ya mtu yeyote. Jambo hilo huonekana kirahisi ukisimama Mtandi, chini ya kile kilima cha jabali ambako Waanglikana wana kanisa lao kuu, ukageukia magharibi: nchi inaendelea tu, tambarare yenye miti, na hapa na pale vilima vya mawe vimechomoza bila mpangilio. Msafiri aliyetoka Lindi kwa miguu angeviona tangu mbali, angejua chini yake kuna kivuli na pengine maji, naye angepiga kambi. Kesho yake angeendelea.

Askofu Edward Steere wa UMCA, misheni ya Kianglikana, naye alikusudia kuendelea. Mwaka 1875 alikuwa ametembea kutoka Lindi hadi Mwembe, kwa Mataka, mtawala wa Wayao, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Mwaka uliofuata akarudi na msafara mwingine kabisa. Safari hii alifuatana na watu wazima zaidi ya 50, wanaume kwa wanawake, waliokombolewa utumwani na kutunzwa na misheni huko Zanzibar. Soko la watumwa la Zanzibar lilikuwa limefungwa mwaka 1873, na palepale Mkunazini Steere alikuwa anajenga kanisa. Lakini watu waliookolewa wangeishi wapi? Wengi wao asili yao ilikuwa upande wa Ziwa Nyasa. Ikaonekana heri wapelekwe karibu na kwao.

Nimeifuata njia hiyo kwa basi, nikipita Mtama, Nyangao na Ndanda, barabara ikienda sambamba na bonde la Lukuledi. Ni safari ya saa chache, na abiria wenzangu walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa nikiwawazia wale wa 1876. Njia za kutoka Nyasa kwenda Lindi na Kilwa ndizo zilizowateremsha watu pwani wakiwa na makongwa shingoni. Sasa walikuwa wakiipanda nchi ile ile wakiwa huru, wakielekea kulikotoka misafara. Vitabu vya misheni hupenda kumsifu askofu kwa safari hiyo. Kwangu mimi, ujasiri mkubwa zaidi ulikuwa wa hao waliomfuata.

Walipofika Masasi, wakagoma. Hawakugoma kwa fujo, waliomba wabaki. Walikuwa wamechoka, ardhi waliipenda, na mbele yao kulikuwa na mwendo mrefu bado. Steere akakubali. Historia ya mji huu huanza na jina lake, lakini uamuzi wa mahali pa kuishi haukuwa wake. Ulikuwa wa watu ambao hapo nyuma hakuna aliyewahi kuwauliza wanataka kwenda wapi.

Amani haikudumu. Septemba 1882 Wangoni, ambao huku waliitwa Magwangwara, waliivamia Masasi. Nyumba zikachomwa, watu wakauawa, wengine wakatekwa. Hebu fikiria: mtu amekamatwa utotoni, akauzwa, akakombolewa, akapewa shamba, kisha anatekwa mara ya pili. Baadhi walikombolewa baadaye. Misheni, chini ya Chauncy Maples, ikahamia Newala, karibu na Matola, mtawala wa Wayao aliyekuwa rafiki yao.

Basi na mimi nikaenda Newala, kulala.

Gari linapoanza kuukwea uwanda wa Makonde ndipo unapoelewa kwa nini watu walikimbilia huku. Juu ni vichaka vizito, na kingo za uwanda ni mteremko mkali. Adui hawezi kukufikia bila kuhema. Gharama yake ni maji. Udongo wa juu huyanywa yote, na kwa vizazi wanawake wa Kimakonde waliteremka bondeni na kupanda tena na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde, ulioanza kusukuma maji kutoka mabondeni miaka ya 1950, ndio ulioanza kuwapunguzia safari hiyo.

Jioni nilikwenda Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji, ambapo ardhi inakatika ghafla na jicho linateremka mpaka bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Nikarudi gesti upepo umeshaanza. "Shika blanketi la pili, baba," mama mwenye nyumba aliniambia. "Huku si Lindi." Alikuwa amenitengea ndoo ya maji ya moto, akanionyesha kata na kuniomba nisimwage ovyo. Ilikuwa kauli ya kawaida tu kwake. Mimi niliisikia kama historia nzima ya uwanda.

Mji huu umepokea wageni wa kila aina. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alikaa hapa na mashine yake ya kunasa sauti, akirekodi nyimbo, mwaka mmoja tu baada ya vita vya Maji Maji kuifikia Masasi na kuichoma misheni ya huko. Mwaka 1916 Wareno waliivuka Ruvuma wakaliteka boma la Wajerumani. Kabla ya mwaka kwisha walikuwa wamefukuzwa. Siku hizi wageni huja msimu wa korosho, na mazungumzo ya usiku ni bei ya mnada.

Kati ya watu wote wa historia hii, ninayemwona mkubwa ni Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, aliyetekwa akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa Zanzibar na Uingereza. Mwaka 1886 alipelekwa Chitangali, katika nchi hii hii, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa UMCA kupata upadri. Aliisimamia Chitangali zaidi ya miaka 10, akafungua shule, akabatiza, akiishi jirani na machifu wa Kiyao waliozungumza lugha ya mama yake. Steere alikuwa ameshafariki mwaka 1882, hakuyaona hayo. Alichokitafuta kwa Mataka, mtu wa kurudi kwao na kuwa kiongozi badala ya mzigo wa kuhifadhiwa, kilipatikana huku huku, mwendo wa siku chache kutoka pale watu wake walipokataa kuendelea.