Giaboksi ya otomatiki: historia ya Nyanda za Juu ambayo haimo kwenye mtaala

Wiki hii madesa ya kozi nimeyaweka pembeni kidogo, nataka tuongelee kitu kinachopita mbele ya macho yetu kila siku sisi tuliokulia Mbeya na Iringa: giaboksi ya otomatiki ilifikaje huku kwetu, na mafundi wetu walijifunza wapi kuifungua na (hapa ndo penye shughuli) kuifunga tena mpaka gari likatembea.

Najua kuna mtu atasema, "wewe mwalimu mtarajiwa wa historia, giaboksi inakuhusu nini?" Inanihusu sana. Darasani tunafundishwa kwamba elimu ina mwalimu, kitabu na mtihani. Sasa hapa kuna elimu nzima iliyoingia mkoani bila mwalimu na bila kitabu, mtihani tu ndo ulikuwepo.

Tuanze na barabara, maana bila barabara hakuna fundi. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wake kule Rhodesia, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini ya kuingiza mafuta na kutoa shaba si ya kutegemea tena. Malori yakageuzwa yaje Dar es Salaam. Njia yenyewe sehemu kubwa ilikuwa vumbi tupu, masika inakuwa tope, mpaka ikapewa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 ikaanzishwa kampuni ya malori ya ZTRS, ya serikali za Tanzania na Zambia pamoja na wabia wa Kiitaliano, ikaleta malori ya Fiat. Bomba la mafuta la TAZAMA likaanza kazi 1968, lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA ikakabidhiwa rasmi 1976.

Hebu fikiria lori lililojaa mzigo linapanda Mlima Kitonga kwenda Iringa, halafu linaendelea Mafinga, Makambako, Uyole, Mbalizi hadi Tunduma. Likikwama njiani lazima apatikane mtu wa kulala chini yake. Ndivyo miji ya kando ya barabara hii ilivyokuwa miji ya mafundi. Lakini malori yale yalikuwa ya gia za mkono. Giaboksi ya namna hiyo ukiifungua inakueleza yenyewe: jino la gia limevunjika unaliona, beringi imelika unaishika. Mtu mwenye akili na subira aliweza kujifunza kwa macho.

Halafu ikaja njaa ya spea. Mafuta yalipanda bei 1973, Vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, na fedha za kigeni zikawa adimu kupita kiasi. Huo ndo wakati ambao fundi aliheshimika kwa kufufua kilichokufa, maana kipya hakikuwepo. Mafundi wengi walifanya kazi kwenye gereji bubu, yaani gereji isiyo na bango wala usajili, pengine mwembe tu na shimo la kuchimba. Mwanahistoria wa Kimarekani Joshua Grace ameandika juu ya watu hawa kwenye kitabu chake African Motors cha mwaka 2021, na amewapa nafasi ambayo vitabu vyetu vya sekondari havijawapa: watu waliotengeneza teknolojia, si waliosubiri kuletewa.

Mwaka 1984 serikali ikalegeza, mwenye fedha zake za kigeni akaruhusiwa kuagiza bidhaa. Miaka ya 1990 na 2000 magari yaliyotumika Japani yakaanza kumiminika. Sababu ziko wazi. Wajapani wanaendesha upande wa kushoto kama sisi, na kwao gari binafsi hupelekwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 ya mwanzo, kisha kila miaka 2, na ukaguzi huo una gharama. Wengi huona bora waliuze. Sasa gari la Kijapani la miaka ile mara nyingi lilikuwa otomatiki, na kijitabu chake kimeandikwa Kijapani! Yaani fundi wetu alipokea mashine ngumu kuliko zote alizowahi kuona, na maelezo yake hawezi kuyasoma.

Ugumu wake uko wapi? Turudi nyuma kidogo. Mjerumani Hermann Föttinger alipata hataza mwaka 1905 ya kupitisha nguvu kwa njia ya kimiminika, akifikiria meli. Panga moja linazungusha mafuta, mafuta yanasukuma panga la pili, vyuma havigusani. General Motors ya Marekani ikatumia wazo hilo kwenye Hydra-Matic, iliyotangazwa 1939 kwa magari ya Oldsmobile, na wakati wa Vita vya Pili giaboksi hiyo ikafungwa hata kwenye vifaru. Toyota wakatoa Toyoglide yao 1959, na mwaka 1969 ikaundwa Aisin-Warner, kampuni ya ubia kati ya Wajapani na Wamarekani, ambayo ilikuja kutengeneza giaboksi nyingi za magari tunayoyaona stendi.

Ndani ya boksi hilo kuna toki konveta, kuna gia zinazozunguka gia nyingine kama sayari na jua, kuna klachi za pleti nyembamba zilizopangwa kama chapati, na kuna valvu bodi, kipande cha chuma chenye vijinjia kama kichuguu, ambacho kinaamua mafuta yaende wapi. Mafuta ndo akili na ndo misuli. Kwa hiyo klachi ikiteleza si lazima uone kilichovunjika. Pengine ni sili ya mpira tu iliyokauka, mafuta yanavuja ndani kwa ndani na presha haifiki.

Milima yetu nayo haina huruma. Gari likipanda Kitonga taratibu limejaza abiria na mizigo, mafuta ya toki konveta yanachemka. Likishuka, dereva aliyeacha gia kwenye D badala ya kurudisha 2 au L anategemea breki peke yake, na zikichemka ni balaa.

Mafundi wakawa na njia tatu. Ya kwanza, kutoa boksi bovu na kuweka lingine lililotumika. Ya pili, kung'oa otomatiki yote na kufunga gia za mkono, pedali ya klachi na kila kitu. Ya tatu, kufungua. Njia mbili za kwanza zinamrudisha mteja barabarani haraka, siwalaumu. Ila hazimfundishi mtu kilichomo ndani.

Hiyo ya tatu nimeishuhudia nyumbani Uyole, kwa mjomba wangu. Yeye si fundi, ni mwalimu wa shule ya msingi. Gari lake dogo lilikuwa linarudi nyuma vizuri lakini ukiweka D linanguruma tu. Akaambiwa anunue boksi lingine, na kwa mshahara wa mwalimu bei ile ilikuwa ndoto. Likizo ya Juni, baridi ya Uyole mnaijua, akatandika turubai sebuleni akaanza. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma na kuandika kwenye daftari la shule: kila kitu kilichotoka kikapewa namba, kikachorwa upande ulioangalia mbele, kikalazwa kwenye turubai kwa mstari.

Mantiki yake ilikuwa ya kialimu kabisa. Kama nyuma inafanya kazi, basi pampu ni nzima. Tatizo litakuwa kwenye kitu kinachotumika mbele tu, yaani klachi ya mbele. Alipoifungua, pleti za msuguano zilikuwa nyeusi kama mkaa.

Kufungua kulichukua siku moja. Kufunga kulichukua wiki. Pleti mpya zililala usiku kucha kwenye ATF, maana zikifungwa kavu zinaungua mapema. Zikapangwa moja ya chuma, moja ya msuguano, moja ya chuma, na nafasi iliyobaki ikapimwa kwa fila geji. Vile visahani vidogo vinavyodondoka kila ukigeuza vilishikizwa kwa mafuta ya mgando ya kupaka mwilini. Si grisi, kwa sababu mafuta ya mgando yanayeyuka ndani ya ATF na grisi inaweza kuziba njia. Gololi ndogo za valvu bodi zilihesabiwa mara tatu. Kabla ya kufunika, jirani mziba pancha alileta pampu yake ya upepo, mjomba akapuliza kwenye tundu la klachi, ikaitika "tup!". Maana yake sili zinashika. Mwisho ikawa toki konveta: unaisukuma huku unaizungusha mpaka izame hatua zote, kwani ukiibana kwa bolti kabla haijakaa unavunja pampu, na wiki nzima imekwenda na maji.

D ilishika. Mpaka leo gari hilo linakwenda Tukuyu na kurudi.

Kilichobaki kichwani mwangu ni lile daftari. Kwenye kozi ya elimu tunamsoma Jean Lave, aliyekaa na mafundi cherehani wa Liberia, na mwaka 1991 akaandika pamoja na Etienne Wenger juu ya kujifunza kwa kushiriki. Aliona mwanafunzi anaanza na vifungo na pindo, kukata kitambaa kunakuja mwishoni kabisa, maana kosa la kukata lina hasara. Gereji zetu ziko hivyo hivyo. Kijana anaosha vyuma, anapitisha spana, miaka inapita ndipo anaachiwa kufunga. Ni shule nzuri bana, lakini haina maandishi. Fundi akizeeka au akifa, shule imefungwa.

Na wakati hausubiri. Magari yanayoingia sasa mengi yana CVT, haina gia hata moja ya kuhesabu, ina mkanda wa chuma na kompyuta. Vijana wa gereji wanaanza tena sifuri, kama baba zao walivyoanza miaka ya 1990. Chuo cha Ufundi Mbeya kilifunguliwa 1986, leo ni chuo kikuu cha MUST, na VETA wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia mtaani. Hayo ni mazuri. Lakini cheti kinasema fundi anajua, hakisemi anajua nini.

Sisi wa historia tunajisifu kwamba mwaka 1969 Kimambo na Temu walitutolea historia ya Tanzania kwa macho ya Watanzania, na kwamba simulizi za mdomo ni ushahidi kama nyaraka. Basi nikienda mazoezi ya kufundisha nina mpango huu: kila mwanafunzi wangu aende gereji moja ya mtaani kwao na daftari, amuulize fundi aliwahi kufunga nini bila kufundishwa, na aandike hatua kwa hatua. Daftari la mjomba nitakwenda nalo kama mfano, lina madoa ya mafuta lakini linasomeka.

Nisiwachoshe, UE inakaribia. Aluta kontinua!