Kichocho Kisichoonekana Kwenye Mkojo

Neno la kitaalamu skistosomiasi tumelipa jina moja, kichocho, na wengi wakilisikia humfikiria mtoto anayekojoa damu. Hicho ni kichocho cha mkojo. Pwani ya Ziwa Victoria, Musoma na vijiji vya Bunda vikiwamo, kilichoenea ni kichocho cha tumbo, na mkojo wake hauna damu. Ukimwuliza mvuvi wa huko kama ana kichocho, atakataa kwa moyo mweupe huku tumbo likimsokota.

Minyoo ya kichocho cha tumbo hukaa kwenye mishipa ya damu ya utumbo. Mayai mengine hutoka na choo, mengine hukwama kwenye ini na kuacha makovu. Bandama huvimba, mishipa ya umio nayo hutanuka hata kupasuka, mgonjwa akatapika damu na kudhaniwa ana vidonda vya tumbo. Kabla ya hapo, kwa kuhara na maumivu tu, ameshatibiwa amiba na taifodi.

Maabara nayo ina mipaka yake. Choo huchujwa, kikajazwa kwenye kitundu kinachobeba miligramu 41.7, uzito wa punje mbili hivi za mchele, kisha hutafutwa yai lenye mwiba ubavuni (la kichocho cha mkojo lina mwiba nchani). Mayai hayatoki sawasawa kila siku, kwa hiyo kutoyaona leo ni matokeo ya uchunguzi, bado si utambuzi wa ugonjwa. Ajabu ni kwamba kichocho hiki cha tumbo kina kipimo cha haraka kinachotumia mkojo, na mara nyingi hunasa kilichoipita darubini. Mimi ningependa fomu na mabango yaandike "kichocho cha tumbo" kwa ukamilifu, na mgonjwa aulizwe kwanza kuhusu ziwa, hata akiwa mtu wa Butiama anayefuata dagaa mwaloni.

Dagaa wenyewe husingiziwa. Ukimpasua mmoja aliyevimba, unaweza kukuta utepe mweupe, nao wengi huuona ndio chanzo cha maumivu. Huyo ni tegu aitwaye Ligula. Jina lake kamili la Kilatini linataja utumbo, ila ndani ya dagaa hukaa nje ya utumbo. Hukomaa kwenye matumbo ya ndege wala samaki kama mnandi. Hata wataalamu humtambua kwa shida: vinasaba vimeonyesha kwamba chini ya jina hilo mna koo kadhaa zinazofanana kwa macho. Kichocho hakitoki kwa samaki. Kiluwiluwi chake hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya anayeoga, anayechota maji au anayevuta nyavu.